Bega la Mrushaji

Mtaani kwetu Tandika kijana mmoja alikuwa akisalimia kwa mkono wa kushoto, na kwa miaka mingi hilo ndilo jambo pekee ambalo watu walikuwa na uhakika nalo. Mkono wa kulia aliutumia kulia chakula na kurushia mpira, basi. Ndoo ya maji aliibeba kwa kushoto, mlango aliufungua kwa kushoto, na mama yake alituambia kwamba hata akilala, ule wa kulia aliulaza juu ya mto wake peke yake, kama mgeni. Siku moja baada ya swala ya alasiri alimpa mzee mmoja wa msikitini mkono huo wa kushoto. Mzee akaurudisha wake nyuma, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Kijana, wewe hukufunzwa?"

Mama yake alikuwa kibarazani kwetu, ng'ambo ya barabara, anachambua mchele. Akajibu kutoka hukohuko kwa sauti, "Utusamehe mzee wetu. Ule wa kulia si wake, ni wa timu."

Mzee hakuelewa, akaondoka anatikisa kichwa. Na sisi hatukuelewa vizuri zaidi yake. Mimi niliushika mkono ule miaka na miaka, niliukanda, niliujua ulipo mgumu na ulipo laini, na bado kila nikianza kumweleza mwenyewe napotea njia. Nikisema alikuwa mwongo, nakumbuka mambo aliyoyasema yakawa kweli. Nikisema alikuwa mpole, nakumbuka jinsi alivyoweza kumkalia mtu kimya mwezi mzima. Nitamwita Mrushaji, kama mtaa mzima ulivyomwita, hata mama yake alipokuwa na hasira.

Kazi yake ilikuwa kurusha mpira, na alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao Tandika iliukataa. Alikuwa sekondari alipokuja mwalimu mgeni wa kujitolea na gunia la glavu za ngozi, akawafundisha besiboli kwenye uwanja wa mpira wa miguu. Yule mwalimu alipomwona anarusha akamwambia arushe tena. Miaka michache baadaye akapandishwa ndege kwenda nchi ya mbali huko Asia, kwenye timu ndogo ya mji mdogo, kuwa mrushaji wa kulipwa.

Mara ya kwanza aliporudi likizo alitupangia vifuniko vya soda kibarazani ili atuelekeze. Hiki ni mimi, hiki ni mpigaji, hiki ni anayedaka. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hakuwahi kukubali kitu kabla ya kukipima, alisimamisha mashine akasikiliza.

"Kwa hiyo ni rede," akasema.

"Si rede, shemeji. Rede wanachezaga wasichana."

"Kuna anayerusha?"

"Yupo."

"Kuna anayekwepa?"

"Hakwepi, anapiga na gongo."

"Basi ni rede yenye gongo."

Tulicheka mpaka mama yake akamwaga mchele. Mrushaji naye alicheka, lakini alivikusanya vile vifuniko kimoja kimoja akavitia mfukoni, na hakutupangia tena. Badala yake alituonyesha video kwenye simu. Tulimwona kweli, kavaa sare nyeupe, kasimama juu ya kilima kidogo cha udongo mfano wa kichuguu, watu wamejaa majukwaani wanapiga ngoma. Akanyanyua mguu, akajikunja, akajikunjua, watu wakapiga kelele. Mume wangu akauliza mpira uko wapi. "Umeshapita, shemeji," akamjibu. Tukairudia video mara nne na mpira hatukuuona, na tangu siku ile mimi nikaamini, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu anayetaka kudanganya angetuonyesha mpira.

Alikuwa na vituko vyake. Mama yake alipanga nguo zake akakuta kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, akanijia mbio kakificha kwenye upindo wa kanga, macho yamemtoka. Tulikaa nacho jikoni tukikitazama kama kitu cha polisi. Mwishowe nilimuuliza mwenyewe, akaninyooshea vidole vya kulia. Mpira ule una nyuzi zilizoshonwa juu yake, akaniambia, na ukucha ukipasuka huna kazi siku kumi. Wenzake wote wanapaka. Nilimweleza mama yake hivyo, akashusha pumzi, lakini kile kichupa alikitupa chooni.

Nacho kiwiko kilikuwa na kovu refu upande wa ndani. Alitueleza kwamba katika msimu wake wa pili mshipa wa kiwiko ulikatika, madaktari wakachukua mshipa mwingine karibu na goti lake wakaupandikiza mkononi, akakaa mwaka na zaidi bila kurusha. Mtaa mzima ulikataa. Kinyozi alitaka kujua kama sasa mkono ule utakuwa unataka kutembea. Aliinua suruali akatuonyesha kovu dogo chini ya goti, wakasema ni la baiskeli. Miaka mingi baadaye niliambiwa na wenye elimu kwamba upasuaji huo upo na unafanyika kama alivyosema. Lakini wakati ule ilikuwa vigumu kumwamini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na maelezo mengi kuliko majeraha. Kwa kinyozi kiwiko kiliumia kwa kuanguka na bodaboda, kwa mama yake ilikuwa baridi ya ugenini, na kwa shehe aliapa ni kijicho. Mimi aliniambia ni kurusha tu. Nilipomuuliza mbona kila mtu anampa lake, alisema, "Kila mtu nampa ile atakayonionea huruma, dada." Sikujua kama hapo alikuwa ananiambia kweli au ananipa ile yangu.

Watu wakimuuliza amebakiza muda gani wa kucheza, alijibu, "Bado ninayo misimu miwili mizuri." Alisema hivyo alipokuwa na miaka ishirini na tatu. Alisema hivyo alipokuwa na thelathini. Ukihesabu yote, alikwenda huko misimu mitatu na kipande cha wa nne, na aliyorusha hasa haifiki miwili.

Na mtu huyu aliyeulinda mkono wake kama yai, hebu mtazame siku ya kiazi. Alikuwa yuko likizo baada ya msimu wa tatu, tumesimama kwa muuza chipsi karibu na soko, mara kibaka akampokonya mwanamke simu akakata mbio. Watu wote tukapiga mayowe. Mrushaji akachovya mkono kwenye ndoo ya viazi vilivyomenywa, akachagua kimoja, akakichagua kweli, akakirudisha akachukua kingine, kisha akanyanyua mguu kama kwenye video. Safari hii pia sikuona kitu kikipita. Niliona kibaka akishika kisogo, simu ikaanguka, yeye akaendelea kukimbia anapepesuka. Watu walimbeba Mrushaji juujuu. Muuza chipsi akampa sahani ya bure, na sahani ile aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaila kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Jioni ile mama yake akaja naye kwangu. Bega lilikuwa limevimba na lina moto.

Lazima nieleze kidogo kuhusu ukandaji wetu. Mama yangu alikuwa mkandaji, na kabla yake mama yake. Tunakanda wazazi waliojifungua, tunakanda walioteguka, maji ya moto yenye chumvi, kitambaa, halafu mafuta ya nazi yaliyopikwa na kitunguu saumu. Wanaume nilikuwa siwakandi, ila huyu ni mtoto wa jirani aliyekua machoni mwangu, na nilimkandia kibarazani, mama yake yuko pale na ungo wake, mume wangu yuko pale na cherehani yake. Na kwetu mkandaji hamwachi mgonjwa bila kumtajia siku. Unamshika, unasikiliza kwa vidole, kisha unamwambia, utatembea Jumatano, utabeba mtoto Jumapili. Mama yangu alishikilia kwamba siku ni nusu ya dawa. Mtu asiyetajiwa siku mwili wake haujui unaelekea wapi. Alikuwa mara chache sana akikosea. Mimi nilikuwa nakosea zaidi yake, lakini si sana.

Kwa hiyo nililishika bega lile, nikasikiliza, na kusema kweli sikusikia kitu. Kulikuwa na uvimbe tu na moto. Lakini alikuwa ananitazama, na mama yake ananitazama, na tiketi ya kurudi kwa msimu wa nne ilikuwa ya Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Ijumaa," nikasema. "Ijumaa ijayo utarusha."

Nilimkanda siku saba. Nilimkanda kwa nguvu kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Siku ya tano nilikuwa nasukuma kwa kidole gumba nyuma ya bega, kitu kikahama. Nakumbuka vizuri. Kilikuwa kimekaza chini ya kidole, halafu hakikuwepo. Yeye hakulia. Alivuta pumzi tu, akaangalia barabarani. Nikamuuliza, "Nimekuumiza?" Akasema, "Endelea, dada." Nikaendelea. Ijumaa ikafika, akaenda uwanjani na mpira wake, akarudi akasema amerusha, mambo safi. Jumamosi akapanda ndege. Hazikupita wiki sita wakamrudisha, bega limechanika ndani, hawezi kunyanyua mkono kupita sikio. Timu ilimwandikia barua ya adabu sana ya kuachana naye, mwalimu mmoja akatufasiria, na mama yake alilia kwa ule upole wa barua kuliko ambavyo angelia kwa matusi.

Mwanzoni sikujishuku hata kidogo. Niliona ni mchezo wao, ni kazi ngumu, ni Mungu. Aliendelea kuja kwangu kila Alhamisi asubuhi nikamkanda, naye akiendelea kusema bado anayo misimu miwili mizuri. Halafu mtoto wa dada yangu aliyekuwa anasomea uuguzi alikuja kunitembelea, akaniona nimetenga sufuria la maji ya moto. Aliniuliza ni ya nini, nikamsimulia yote kwa kujivunia kidogo.

"Mama mdogo, bega lilikuwa limevimba siku ileile?"

"Siku ileile."

"Na ukaliwekea moto?"

"Sasa ningeliwekea nini?"

"Jeraha bichi huwa halitiwi moto, wala halisuguliwi. Linawekwa barafu, mtu anapumzika. Msuli ukiwa umeanza kuchanika, ukiusukuma unaweza kuumalizia." Aliona uso wangu, akaongeza haraka, "Lakini mie sikuliona, siwezi kujua."

Hakuweza kujua, na mimi sikuweza kujua. Kilikuwa kiazi? Ilikuwa ile misimu ya kurusha na kurusha? Au ilikuwa kidole gumba changu siku ya tano? Nilianza kuamka asubuhi na swali hilo, nikapika nalo, nikafua nalo. Nikawa naogopa Alhamisi. Alipokuja nilimgusa kwa ncha za vidole, mpaka siku moja akageuka akacheka. "Dada, siku hizi unanipapasa tu. Umenichoka?" Nilimwambia nina maumivu ya kiganja. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyo tena. Halafu alikuja mwanamke aliyejifungua siku tatu nyuma, nikaitazama mikono yangu, nikamwambia amtafute mwingine, mie nimeacha. Na kweli niliacha. Kazi ya mama yangu na bibi yangu ikaishia kwangu, na watu walipouliza nikasema uzee, wakati sikuwa nimefika hamsini.

Mume wangu alinikasirikia. "Muulize basi," alisema, "si yupo hapo ng'ambo?" Lakini kumuuliza vipi? Mama yake alikuwa ananiletea futari kila mwezi wa Ramadhani. Na yeye Mrushaji alikuwa ananipenda, hilo sina shaka nalo. Mume wangu alipolazwa, ndiye aliyekaa naye mchana kutwa akimpepea kwa gazeti, tena kwa mkono ule mbovu, akiugua chinichini kila unapopanda, hataki kubadilisha. Nilimkataza, akanikatalia. Wakati ule nilijiambia mtu anayejua nimemharibu asingekaa hapa. Nikifika nyumbani nikajiambia labda anakaa hapa makusudi nimwone anavyoumia. Hivyo ndivyo nilivyoishi naye, leo namwona malaika, kesho namwona ananisimanga, na yeye yuleyule, anaomba chai, anauliza kama kuna sukari.

Baadaye mama yake akafariki, mume wangu akafariki, yeye akapata kazi ya kufundisha michezo shule moja na akahama. Mimi nikahamia Kimara kwa binti yangu. Ilipita miaka tusionane.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilikwenda stendi ya Mbezi Luis kupokea gunia la mchele nililotumiwa kutoka Mbeya. Basi lilikuwa halijaingia. Nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo dada," nikageuka. Alikuwa yeye. Amenenepa, ndevu zina mvi, na amezungukwa na wasichana kama kumi na wawili wa shule waliovaa kofia za aina moja, wana mabegi marefu yaliyotokeza magongo. Alikuwa anawapeleka Dodoma kwenye mashindano. Alinipa mkono wa kulia. Sikuwa nimewahi kupewa mkono huo na yeye kwa salamu, nikaushika, ulikuwa mkono wa kawaida tu.

Tuliulizana habari za wafu na za wazima. Wasichana wakaanza kupanda basi lao. Niliona nafasi inapita, na nilikuwa nimeshachoka kuishi hivi.

"Mdogo wangu, mie nikuulize kitu, na unijibu kweli, si ile ya kuniridhisha. Lile bega nililiharibu mimi?"

Hakushangaa. Alitazama wasichana wake akiwahesabu, au alijifanya kuwahesabu.

"Siku ya pili ya kunikanda nilikwenda hospitali," akasema. "Sikumwambia mtu. Daktari akapiga picha, akaniambia msuli umeanza kuchanika, usiguswe na mtu, ukisuguliwa utaachia wote. Nikae miezi minane nisirushe hata jiwe."

Nilihesabu kichwani. Siku ya pili.

"Sasa siku ya tatu ulikuja kwangu kufanya nini?"

"Yeye alisema miezi minane," akasema. "Wewe ulisema Ijumaa."

Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata kwa marehemu mume wangu. Miaka yote ile! Nimeitupa kazi ya mama yangu, nimeogopa mikono yangu mwenyewe, na huyu alikuwa na jibu mfukoni akija kunywa chai kwangu. Nilitaka kumpiga kibao mbele ya wanafunzi wake. Papo hapo nikajiona mimi, jioni ile, nimeshika bega ambalo sikusikia kitu ndani yake, na bado nikamtajia siku.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa kunikanda."

"Na baadaye? Baada ya kurudishwa?"

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi, anaita wa mwisho wapande.

"Baadaye nilikuwa naogopa utanichukia," akasema. "Halafu ukaacha kukanda, nikajua umejua. Nikasubiri uniulize."

"Kwa hiyo ni kweli. Nililiharibu."

"Tuliliharibu, dada," akasema, na akapanda basi.

Basi lilitoka taratibu, wasichana wakinipungia mikono bila kunijua. Yeye alikuwa kiti cha mbele, anawageukia, anawaambia kitu, wanacheka. Nikabaki nimesimama pale, na sijui mpaka leo kama nilikuwa nimesamehewa au nilikuwa nimegawiwa nusu yangu. Basi la Mbeya liliingia, likashusha watu na mizigo, likaondoka. Nilifika Kimara ndipo binti yangu akaniuliza mchele uko wapi.